Shule ya Konvoyeri: Nani Alimfundisha Kijana wa Uvira Kuendesha?



Pikipiki ikianguka pale Mulongwe au karibu na mpaka wa Kavimvira, maneno yetu ni yale yale: "Vijana wa leo hawana akili." Kama ni jeep ya mtoto wa tajiri iliyoingia ndani ya mfereji, tunaongeza: "Ni franga za baba yake." Halafu kila mtu anaendelea na safari, mara nyingi juu ya pikipiki nyingine. Leo nataka tuangalie historia iliyo nyuma ya maneno hayo. Kijana kupenda mwendo wa kasi si jambo jipya. Kilichobadilika ni njia inayomfikisha kwenye usukani, na kwetu njia hiyo ilivunjika katika kipindi ambacho tunaweza kukitaja kwa miaka.

Tuanze mbali kidogo. Kabla ya injini, mizigo ya mwambao huu ilipita kichwani mwa watu na ndani ya mitumbwi. Wabelgiji walijenga reli ndogo kutoka bandari ya Kalundu hadi Kamanyola, kupitia uwanda wa Ruzizi, karibu kilomita 94. Reli hiyo, iliyoitwa CEFAKI, ilifungwa mwaka 1958, na wengi wetu tumekua bila hata kujua kwamba treni iliwahi kupita hapa. Kazi ya kupandisha mizigo kuelekea Bukavu ikabaki kwa malori. Pamba ya uwanda, sukari ya Kiliba, samaki wa ziwa, simenti, chumvi, na juu ya vyote hivyo abiria na mbuzi wao.

Lori ndilo lililokuwa shule. Mwanafunzi wake aliitwa konvoyeri, yule ambaye jirani zetu Watanzania wanamwita utingo. Wazee wa njia hii wanaikumbuka vizuri. Kijana alianza chini kabisa: kuosha lori, kuchota maji ya radieta, kupikia shofere, kulala juu ya mizigo ili isiibiwe. Lori likipanda mlima, yeye alitembea nyuma na jiwe mkononi, tayari kuliweka chini ya pine kama freni zitakataa. Hapo alijifunza jambo ambalo kitabu hakiwezi kufundisha: lori lililojaa likianza kurudi nyuma, hakuna mkono wa mtu utakaolizuia. Baadaye alishika kriki, akabadilisha pine, akapaka grisi, akajua sauti ya injini inayoumwa. Halafu shofere akamruhusu kusogeza lori ndani ya parkingi. Halafu akamwachia usukani lori likiwa tupu, kwenye uwanda, tuseme kati ya Sange na Luvungi, ambako njia ni sawa kama meza. Mlima wa Ngomo, ule unaoanza ukiiacha Kamanyola, wenye kona nyembamba na bonde linalokuchungulia, ulikuwa mtihani wa mwisho. Miaka ilipita kabla ya kufika pale.

Sitaki tuipambe shule hiyo kupita kiasi. Ilikuwa na matusi na vibao. Wengine walifanya kazi miaka mingi bila mshahara unaoeleweka, wengine walikufa chini ya malori waliyokuwa wakiyakinga kwa mawe. Binti hakuwa na nafasi ndani yake hata kidogo. Na cheti chake kilikuwa neno la mtu mmoja tu, shofere, ambaye angeweza kuwa mlevi. Lakini ilikuwa na ngazi. Nguvu ya mashine ilikuja mikononi mwa kijana polepole, na aliyempa alikuwa mtu aliyeketi kando yake ndani ya lori lile lile, kwa hiyo makosa ya mwanafunzi yangemuua hata mwalimu. Sijui mtihani gani wa leo unaweza kushindana na huo.

Ngazi kama hiyo ilikuwepo hata kwa watu wa mashindano ya magari. Safari Rally ya Afrika Mashariki ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye vumbi na matope yanayofanana na ya kwetu. Bingwa wake mpendwa, Joginder Singh, ambaye Wakenya walimwita Simba wa Kalasinga, alikuwa fundi kabla ya kuwa mtu wa mbio; alikulia katika kazi ya gereji. Alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imeishatumika, tena akiwa na miaka zaidi ya 30. Mwaka 1974 alishinda tena, safari hii kwa Mitsubishi Lancer ndogo, akimwacha nyuma Björn Waldegård wa Sweden aliyekuwa na Porsche 911. Na mwaka 1963, kati ya magari 84 yaliyoanza, ni 7 tu yaliyofika mwisho. Njia za huku zina desturi ya zamani ya kutoheshimu farasi wa injini.

Ulaya walijifunza somo hilo kwa damu. Katika miaka ya 1980 magari ya mbio ya kundi B yalifika nguvu za farasi 500 na zaidi. Mwezi wa tano mwaka 1986, huko Corsica, Henri Toivonen wa Finland, mmoja wa madereva wenye kipaji kikubwa kuliko wote wa wakati wake, alitoka njiani na Lancia yake, gari likawaka, akafa pamoja na msaidizi wake Sergio Cresto. Toivonen alikuwa na miaka 29. Wakubwa wa mchezo wakayafuta magari hayo kuanzia msimu uliofuata. Tazama walichofanya: hawakusema tu kwamba vijana hawana akili. Walipunguza mashine.

Sasa turudi nyumbani. Oktoba 1996 vita ya AFDL iliingia Uvira, na mwaka 1998 ikaja nyingine. Vita inaharibu vitu ambavyo hatuvihesabu kwa sababu havina makaburi. Malori yaliporwa au yaliachwa yaoze, wenye malori walikimbia, madaraja na barabara zikafa, shofere wa zamani wakatawanyika hadi Kigoma na Nyarugusu. Shule ya konvoyeri ilivunjika bila mtu kutangaza kwamba imefungwa. Katika miaka iliyofuata ndipo pikipiki za Kihindi na Kichina zikajaa, TVS, Boxer na ndugu zake, kwa sababu zilikuwa rahisi kununua na zilipita pale ambapo gari lilikwama. Kwetu tunaziita "moto". Sina la kuongeza juu ya jina hilo.

Motari hakuwa na konvoyeri. Pikipiki haina kiti cha mwalimu. Kijana anajifunza kwenye uwanja wa mpira, mchana mmoja au miwili, rafiki akimkimbilia nyuma na kumpigia kelele "punguza vitesi!", na wiki ijayo anambeba mama mwenye mtoto mgongoni na gunia la mihogo. Kanuni za barabara zipo tangu zamani: sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Nimekutana na watu wenye lisansi ya sheria ambao hawajawahi kuisoma, na mimi siwalaumu sana, kwa sababu hata barabarani hawajawahi kuiona ikifanya kazi.

Kuna kitu kingine ambacho historia hii inatulazimisha kukisema, nacho ni versement. Pikipiki nyingi si za wanaoziendesha. Kila jioni motari analeta kiasi fulani kwa mwenye pikipiki, mvua inyeshe isinyeshe, na kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Shofere wa zamani alilipwa kwa lori kufika. Motari analipwa kwa idadi ya safari. Ukimlipa mtu kwa idadi ya safari, umeishamwambia aende mbio, hata ukimwandikia "polepole" mgongoni mwa jileti yake. Na tusisahau kwamba wengi wa hao motari ni sisi wenyewe. Wapo wenye graduat na lisansi pale kituoni, kaski kwenye kiwiko, wakisubiri mteja.

Hapa tufanye hesabu kidogo. Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, kijana wa miaka 16 anaanza na pikipiki isiyozidi sentimita za ujazo 125. Akifika miaka 18 anaweza kupanda hadi kilowati 35. Kwa zile kubwa kabisa lazima awe na uzoefu wa miaka miwili au afike miaka 24. Kwa upande wa magari, tangu 2011 Italia ilimkatalia dereva mpya, katika mwaka wake wa kwanza, gari lenye zaidi ya kilowati 70, yaani karibu farasi 95. Mwishoni mwa 2024 wakaongeza kiwango lakini wakarefusha muda hadi miaka 3. Majimbo kadhaa ya Australia nayo yanawakataza madereva wapya magari yenye nguvu nyingi. Kumbe pikipiki nyingi tunazozipanda Uvira, kwa ngazi ya Ulaya, ni za darasa la kwanza! Za mtoto wa miaka 16. Basi tatizo letu haliko kwenye idadi ya farasi peke yake. Farasi 10 wakibeba watu wanne, bila kaski, kwenye njia yenye mashimo, ni wengi. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimamisha mashine kwa freni unakuwa karibu mara nne. Hiyo hata konvoyeri asiyejua kusoma aliijua kwa miguu yake.

Upande wa jeep, mambo ni mabaya kwa namna nyingine. Gari linatoka Japani, linapita Dar es Salaam, linafika kwetu usukani ukiwa kulia, wakati sisi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Kijana akitaka kulipita lori, lazima nusu ya gari itoke kwanza ndipo aone kinachokuja. Mpe gari hilo siku ya matokeo ya Examen d'État, talki kichwani, muziki juu, wenzake wameketi madirishani. Ile furaha naielewa. Ningependa tu wazazi wanaokabidhi funguo siku hiyo wajiulize kama wangekabidhi lori la mizigo kwa konvoyeri wa siku ya kwanza.

Siwezi kuandika juu ya mashine na njia hii bila kufika Sange. Ijumaa tarehe 2 Julai 2010, jioni, lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka pale Sange, katikati ya makazi, kwenye barabara ya Uvira–Bukavu. Ripoti za siku hizo zilisema lilikuwa likijaribu kulipita basi. Esansi ikamwagika. Watu wakaja na bidoni, wengine wakiwa watoto. Kando yake, watu walikuwa wamejaa ndani ya vibanda vya kutazama Kombe la Dunia. Moto ulipowaka, waliokufa walizidi 230, na watoto kati yao walizidi 60. Wengi walizikwa kwenye makaburi ya pamoja kwa sababu hawakuweza kutambulika.

Tumezoea kulisimulia jambo hilo kama hadithi ya umaskini, watu waliokimbilia mafuta. Ni kweli, lakini ni nusu. Nusu nyingine ni mwendo: maelfu ya lita za mafuta yakipita mbio katikati ya kijiji ambacho maisha yake yote yako kando ya barabara. Kenya ilikuwa imeona jambo hilo hilo Sachangwan, Januari 2009, na Tanzania ikaliona Morogoro, Agosti 2019, watu zaidi ya mia moja kila mahali. Morogoro ilisemwa kwamba lori lilikuwa likikwepa pikipiki. Mashine kubwa na mashine ndogo, kila moja mikononi mwa mtu, zikakutana.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Ndio umri wa karibu kila anayesoma maandishi haya, pamoja na wadogo zake.

Kwa hiyo ninaomba kitu kimoja kwa ajili ya historia hii ambayo haijaandikwa. Kama baba, mjomba au jirani yako alikuwa konvoyeri kwenye njia ya Uvira–Bukavu au Uvira–Baraka kabla ya 1996, kaa naye jioni moja na umuulize: alianza mwaka gani, kwenye lori la aina gani, alikaa muda gani kabla ya kushika usukani, nani alimruhusu, na siku ya kwanza kushuka Ngomo lori lilikuwa limebeba nini. Andika kama anavyosema, kwa Kiswahili chake, umletee katibu wa chama.