Haida Gwaii: Visiwa Vilivyorudishiwa Jina

Mbali na pwani ya British Columbia, magharibi mwa Kanada, vipo visiwa zaidi ya 150 ambako Wahaida wameishi kwa zaidi ya miaka 12,000. Bahari iliwapa samaki. Mierezi iliwapa nyumba, mitumbwi na nguzo za kuchongwa zenye alama za koo zao.

Mwaka 1774 baharia wa Hispania, Juan Pérez, aliviona akapita. Mwaka 1787 alifika Mwingereza George Dixon kununua ngozi za fisi maji wa baharini, zilizokuwa na soko kubwa China, akaviita kwa jina la meli yake, Queen Charlotte. Meli nayo ilikuwa imeitwa kwa jina la mke wa Mfalme George wa Tatu, malkia ambaye hakuwahi kukanyaga huko. Dhahabu ilipoonekana mwaka 1851, Uingereza iliharakisha kuvifanya koloni mwaka uliofuata, na jina la chombo cha biashara likawa jina la nchi.

Kisha ikaja ndui. Mwaka 1862 ugonjwa ulizuka mjini Victoria, na wakuu wa mji wakawafukuza watu wa kaskazini, Wahaida wakiwamo, waliopiga kambi pale. Wakarudi makwao na ugonjwa huo. Kati ya maelfu ya Wahaida, mwisho wa karne walisalia mamia tu, wamekusanyika Skidegate na Massett. Sheria ikapiga marufuku hata karamu zao za kurithishana majina na vyeo, hadi mwaka 1951. Kwa maoni yangu, ni msiba huu, kuliko ramani ya Dixon, uliolipa jina geni nguvu: wenye kulipinga walikuwa makaburini.

Waliobaki waliongezeka. Mwaka 1974 waliunda Baraza la Taifa la Wahaida, na mwaka 1985 wazee wao walikaa barabarani kisiwani Lyell kuzuia ukataji wa misitu. Watu 72 walikamatwa. Miaka mitatu baadaye serikali za Kanada na British Columbia zilikubaliana kuufanya msitu ule hifadhi.

Jina lilifuata ardhi. Mkataba wa Wahaida na British Columbia wa Desemba 2009 ulizaa sheria ya Juni 2010, iliyoviita rasmi Haida Gwaii, yaani visiwa vya Wahaida. Jina la kale la kikoloni lilirudishwa serikalini ndani ya sanduku la mwerezi, la aina ambayo ubao mmoja hulainishwa kwa mvuke, ukakunjwa pembe tatu, ukafungwa ya nne. Mwaka 2022 mji wa Queen Charlotte nao ukawa Daajing Giids, na Aprili 2024 jimbo la British Columbia likatia saini kukiri kwamba ardhi yote ya visiwa hivyo ni ya Wahaida.