Ajali Haina Kinga? Historia Fupi ya Kofia Ngumu

Mwanafunzi mpenzi, katika masomo yako ya Kiswahili bila shaka umekwisha kukutana na usemi huu: ajali haina kinga. Watu huusema wanapompa pole aliyepatwa na mkasa, ili asijilaumu wala asilaumiwe. Ni maneno ya faraja. Lakini faraja ikigeuzwa kuwa kanuni ya maisha huweza kuua, na leo nataka tuupime usemi huu kwa mizani ya historia. Tuanze na swali lililo jepesi kuuliza: je, mpanda farasi avae kofia ngumu kila mara apandapo?

Kwa mkazi wa Arua au Koboko, swali hilo laonekana la mbali. Farasi hakupata makao katika West Nile, nchi ya mbung'o, mdudu aletaye nagana kwa mifugo na malale kwa binadamu. Ilikuwa mwaka 2022 tu ambapo Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya aina ipatikanayo kaskazini-magharibi mwa Uganda si tena tatizo la afya ya umma. Kipando cha huko ni pikipiki, na mpandaji wake ni dereva wa bodaboda.

Neno hilo lenyewe ni somo la historia. Katika miaka ya 1960, huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana wenye baiskeli walibeba abiria kutoka kituo cha upande mmoja hadi cha upande wa pili, wakiita "boda! boda!", kwa kulitamka Kiswahili neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Miaka ya 1990 pikipiki zikaanza kuchukua nafasi ya baiskeli, na kazi ikaenea Uganda nzima. Koboko, mji ulio karibu na mipaka ya Sudan Kusini na Kongo, uliipokea kama iliyobuniwa kwa ajili yake. Kisha, katika miaka ya 2010, barabara itokayo Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ikatiwa lami. Lami ilirahisisha biashara, na pia iliongeza mwendo.

Sasa turudi kwa farasi, maana ndiko mambo yalikoanzia. Mwaka 1923, Kapteni Bennett alishinda Grand National, mashindano makubwa ya farasi ya Uingereza. Kabla ya mwaka huo kwisha alianguka katika mashindano mengine, farasi akampiga kwato kichwani, naye akafariki Januari 1924. Baada ya kifo hicho, wapandaji wa mbio za kuruka viunzi walilazimishwa kuvaa kofia za kukinga fuvu. Waliolazimishwa walikuwa mabingwa, watu waliozijua farasi kuliko mtu yeyote. Ustadi wao haukuhesabiwa kuwa kinga ya kutosha.

Waendesha pikipiki walingoja zaidi. Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence, yule aliyejulikana kama Lawrence wa Arabia, aliwakwepa wavulana wawili wenye baiskeli katika barabara ya mashambani, akarushwa kutoka kwenye pikipiki yake. Alikuwa kichwa wazi. Alifariki siku sita baadaye. Miongoni mwa madaktari walioitwa kumtibu alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Hakuweza kumwokoa mgonjwa wake, lakini alianza kuhesabu. Mwaka 1941 alichapisha matokeo: katika miezi 21 ya kwanza ya Vita vya Pili vya Dunia, waendesha pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa katika barabara za Uingereza. Wagonjwa wake wachache waliokuwa wamevaa kofia hawakuumia sana kichwani. Mwezi Novemba mwaka uleule, jeshi la Uingereza likawaamuru wapeleka barua wake wote wa pikipiki kuvaa kofia ngumu.

Hapa, ndugu msomaji, kuna jambo la kukumbukwa. Kiswahili kilienea West Nile hasa kwa midomo ya askari, wakiwamo Wanubi na vijana waliotumikia King's African Rifles. Kofia ngumu ya pikipiki nayo ilienezwa kwa amri ya jeshi. Raia huambiwa kuwa mambo ya kijeshi si yao, lakini lugha ile ikawa ya sokoni, na kofia ile ikawa haki ya kila mwenye kichwa.

Sheria za kiraia zilifuata polepole. Jimbo la Victoria, Australia, lilitangulia mwaka 1961. Uingereza ikafuata mwaka 1973. Upinzani haukukosekana. Masingasinga wa Uingereza walipigania kilemba chao, na mwaka 1976 wakapewa ruhusa ya kutovaa kofia. Mwaka huohuo, nchini Marekani, Bunge liliacha kuyabana majimbo, na mengi yakalegeza sheria kwa hoja kwamba kichwa cha mtu ni chake mwenyewe. Vifo vikaongezeka. Vietnam ilikwenda njia nyingine: tangu tarehe 15 Desemba 2007 ililazimisha kofia katika barabara zote, na kwa muda mfupi karibu kila mwendesha pikipiki akawa amevaa.

Je, kichwa cha mtu ni chake peke yake? Itazame hoja hiyo kutoka Koboko. Dereva akiumia ubongo, atapelekwa Hospitali ya Rufaa ya Arua, kilomita zipatazo 55. Hali ikizidi, Kampala ni karibu kilomita 500. Atakayeuza mbuzi au kipande cha shamba kulipia safari hiyo si yeye. Ni mama, kaka, mke. Uhuru wa kwenda kichwa wazi hutumiwa na mmoja, na gharama yake hulipwa na ukoo.

Uganda inayo sheria. Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya 1998, pamoja na kanuni za pikipiki za 2004, zinamtaka dereva na abiria wote wawili wavae. Lakini mara nyingi kofia ni moja, nayo iko kwa dereva, au imening'inia kwenye usukani ikimngoja askari wa trafiki. Abiria naye ana sababu zake: kofia iliyovaliwa na wengi hunuka jasho, huharibu nywele zilizosukwa, na safari ni fupi. Sababu hizi si za kudharauliwa. Kitambaa safi cha kuvaa ndani hujibu ile ya kwanza, na dereva anayebeba kofia ya pili hupunguza visingizio. Lakini ile ya safari fupi haina jibu ila hili: lami haiulizi unakwenda umbali gani.

Ndiyo maana nasema kofia ivaliwe daima, na wote wawili. Utafiti uliokusanya matokeo ya nchi nyingi umeonyesha kwamba kofia hupunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Hufanya hivyo ikiwa imefungwa kidevuni, na povu gumu lililo ndani halijapondeka kwa ajali ya awali. Kofia ya fundi wa ujenzi haitoshi. Na serikali isikomee kwenye faini: dereva anayelipia pikipiki kwa mkopo wa kila siku anahitaji kofia bora kwa bei anayoimudu, kabla ya kuhitaji adhabu.

Basi tuutengeneze usemi wetu. Ajali yaweza kukosa kinga, kichwa kinayo. Utakapopanda bodaboda kesho, muulize dereva kabla ya kuuliza nauli: "Kofia yangu iko wapi?"