"Ni Uzee Tu": Historia ya Ugonjwa Unaofuta Katikati

Bibi yangu aliweza kumwona kuku akipita pembeni mwa uwanja, lakini ukikaa mbele yake hakujua wewe ni nani mpaka useme. Nyumbani tulinong'ona kwamba anaona anachotaka kuona. Shangazi alimpeleka zahanati, wakarudi na jibu fupi: ni uzee tu. Jibu hilo likafunga mjadala kwa miaka mitatu.

Nilikuja kuelewa baadaye, nikiandaa habari ya afya. Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea mwanga. Katikati yake kuna sehemu ndogo, upana wake kama milimita 5, inaitwa makula. Hiyo ndiyo tunayotumia kusoma, kutunga uzi kwenye sindano na kutambua sura za watu. Ikichakaa, ukungu au giza huingia katikati ya unachokitazama, huku pembeni pakibaki salama. Ndiyo maana kuku anaonekana na mjukuu haonekani. Huu si mtoto wa jicho, ambao ni ukungu kwenye lenzi na huondolewa kwa upasuaji.

Kwa karne nyingi hakuna tabibu aliyeweza kuchungulia ndani ya jicho la mtu aliye hai. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo cha kuitazama retina, na ghafla madaktari wakaanza kuona mambo. Miaka ya 1870, Jonathan Hutchinson na Waren Tay wa London walieleza wazee waliokuwa na madoa na mabadiliko katikati ya retina. Mwaka 1885 Otto Haab wa Uswisi akauelezea ugonjwa kama kuchakaa kwa makula kwa sababu ya uzee.

Hapo ndipo naona kasoro. Uzee uliingizwa ndani ya jina lenyewe, na jina likafanya kazi ya maelezo. Ukishasema ni uzee, nani atauliza zaidi? Kwa miongo mingi mgonjwa aliambiwa jina la tatizo lake, kisha akaambiwa aende nyumbani.

Mlango ulikuja kufunguliwa na watu waliokuwa wakishughulikia saratani. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji huko Boston, aliandika kwamba uvimbe wa saratani hauwezi kukua bila kujiotesha mishipa mipya ya damu. Ukiizuia mishipa, umeuzuia uvimbe. Wengi walimtilia shaka. Mwaka 1989 Napoleone Ferrara na wenzake katika kampuni ya Genentech, California, waliitenga protini inayoamrisha mishipa hiyo iote, VEGF.

Sasa, makula huchakaa kwa namna mbili. Aina kavu ndiyo ya kawaida zaidi na huenda polepole. Aina ya majimaji huja kwa kasi: mishipa mipya, dhaifu, huota chini ya retina, inavuja damu na maji, mwisho inaacha kovu. Mishipa mipya! Ndilo tatizo lilelile la Folkman, ila ndani ya jicho.

Dawa ya Avastin iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2005 Philip Rosenfeld, daktari wa macho huko Miami, alijaribu kuchoma kiasi kidogo tu cha dawa hiyo ndani ya jicho, na uvujaji ukapungua. Mwaka 2006 kampuni ileile ikaleta Lucentis, iliyotengenezwa kwa ajili ya macho. Bei yake ilikuwa karibu dola 2,000 kwa sindano moja. Avastin ikigawanywa dozi ndogondogo ilikuwa kama dola 50. Serikali ya Marekani ikagharamia utafiti wa kuzilinganisha, na mwaka 2011 majibu ya mwaka wa kwanza yakaonyesha zote mbili zinalinda uwezo wa kuona kwa kiwango sawa. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka ile ya bei nafuu kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa ajili ya macho.

Sindano hizi haziponyi aina kavu, na kovu likishajengeka hazilirudishi nyuma. Bibi alipofika kwa daktari bingwa, kovu lilikuwa tayari katika macho yote mawili. Daktari alisema kwa upole kwamba tumechelewa. Shangazi alilia. Bibi aliuliza tu kama ataendelea kuwaona kuku.

Daktari alimfundisha kugeuza macho kidogo, ili anachokitafuta kiangukie sehemu iliyo nzima. Tangu hapo nikikaa naye ananitazama karibu na sikio, nami nakaa hapohapo bila kusogea mpaka anipate.

Ukimwona mzee wako anakutazama pembeni, au analalamika kwamba mistari iliyonyooka imepinda, usimjibu kwamba ni uzee. Mpeleke kwa daktari wa macho wiki hiyohiyo.