Mshale Unaogeuka: Sodiamu, Potasiamu na Udongo wa Kyela

Wanafunzi wetu hufundishwa kulisoma jedwali la elementi kwa mishale: ukishuka katika kundi atomu hukua, ukielekea kulia hupungua. Kanuni hiyo ni kweli. Kila hatua ya kushuka huongeza tabaka la elektroni, na kila hatua ya kulia huongeza protoni ya kuzivuta elektroni za tabaka lilelile. Lakini mshale huo unaihusu atomu iliyo peke yake, na atomu za namna hiyo ni adimu duniani. Nadai kwamba mwelekeo wa sifa haujakamilika kuelezwa mpaka itajwe elementi imezungukwa na nini. Ushahidi upo kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ambako Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka miamba ya volkano ya Rungwe, yenye sodiamu na potasiamu, hadi bonde la mpunga la Kyela. Ioni tupu ya sodiamu ina nusukipenyo cha pikomita 102, ya potasiamu 138. Zikiingia majini mpangilio hugeuka: sodiamu, kwa udogo wake, huyashika maji kwa nguvu zaidi na kujivika joho nene, hivyo huwa ndiyo kubwa. Potasiamu huyaachia maji yake kwa urahisi, ikajipachika kati ya matabaka ya udongo wa mfinyanzi na kubaki humo. Sodiamu huendelea na safari.

Mtu atapinga kwamba potasiamu hubaki nchi kavu kwa kuwa mimea huila, na kwamba baadhi ya madini yake huchelewa kumomonyoka. Yote mawili ni kweli, na ndiyo maana uhaba wake baharini (takriban gramu 0.4 kwa kilo ya maji, sodiamu ikiwa 10.8) hautoshi kuwa ushahidi peke yake. Sizi, iliyo chini zaidi katika kundi hilohilo, ndiyo inayotoa ushahidi mzito. Baada ya ajali za Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011, sizi yenye mnururisho ilinasa katika udongo wa mfinyanzi kwa ukaidi mkubwa, ingawa si chakula cha lazima cha mmea wowote.

Wengine watasema haya yanamchanganya mtahiniwa. Sioni hivyo: chanzo ni kilekile, chaji na ukubwa, na anayekijua hana haja ya kukariri mishale miwili. Ugumu halisi uko kwingine, kwa majirani wa mlalo. Jaruba likifurika na oksijeni kuisha, manganizi huanza kuyeyuka kabla ya chuma, ingawa atomu zao karibu zinalingana. Hapo ukubwa hausemi kitu. Kuyeyuka huku hutokana na kupokea elektroni: manganizi ikizipokea hufikia mpangilio thabiti wa elektroni tano katika tabaka dogo la d. Chuma kilicho katika kutu tayari kinao, na kikipokea elektroni huupoteza.