Foto inayobeba pahali: historia ya lenzi pana, na namna ya kuchagua ya zamani

Vita vinapofika kijijini, watu hukimbia na vile vinavyoshikika mkononi: mtoto, sufuria, godoro, na bahasha ya karatasi muhimu. Ndani ya bahasha ile mara nyingi mna foto mbili tatu. Ni foto za ndoa, za ubatizo, za kitambulisho. Uso unaonekana vizuri. Lakini nyumba iliyokuwa nyuma ya uso haionekani, wala shamba, wala mti uliokuwa mpaka kati ya jirani na jirani. Mtoto aliyezaliwa kambini akiuliza kwao kunafanana namna gani, foto ile haina jibu.

Si kosa la mpiga foto peke yake. Tangu mwanzo wa ufundi huu, lenzi ya uso na lenzi ya ardhi zilifuata njia mbili tofauti. Anayetafuta leo lenzi pana ya zamani kwa ajili ya kupiga foto za nje afadhali aijue njia hiyo kwanza, kwa sababu kila lenzi inayouzwa sokoni ina tabia iliyoirithi huko.

Lenzi ya uso, lenzi ya ardhi

Mwaka 1840, mtaalamu wa hesabu Joseph Petzval alichora lenzi mpya katika mji wa Vienna, Austria. Iliingiza mwanga mwingi kuliko zote zilizotangulia. Mtu aliyepigwa foto hakuhitaji tena kukaa kimya kwa dakika nyingi. Studio za Ulaya zikaipokea kwa furaha. Lakini lenzi hiyo ilikuwa safi katikati tu. Pembeni picha ilififia. Kwa uso haidhuru, maana uso huwekwa katikati. Kwa mlima ni hasara.

Wapiga foto wa nje wakabaki na lenzi rahisi ya mandhari, yenye tundu dogo sana. Ilikuwa polepole, lakini mlima haukimbii. Shida ilikuwa mbili: mistari iliyonyooka ilipinda kwenye kingo za picha, na upana haukutosha.

Mwaka 1859 Mwingereza Thomas Sutton alijaribu njia ya ajabu. Alitengeneza tufe la kioo, akalijaza maji. Lenzi hiyo iliona pembe ya digrii 120, zaidi ya mara mbili ya lenzi za kawaida. Lakini picha iliyotoka ndani yake ilikuwa ya mviringo, kwa hiyo hata vioo vya kupigia foto vilipaswa kupindwa kama kipande cha mtungi. Si wengi waliokubali taabu hiyo.

Miaka 3 baadaye, huko New York, Charles Harrison na Joseph Schnitzer walipata njia nyingine. Waliweka vipande viwili vinavyofanana, vikitazamana kama bakuli mbili, na tundu katikati. Mistari iliyopindwa na bakuli la kwanza ilinyooshwa na la pili. Lenzi yao, iliyoitwa Globe, iliona karibu digrii 80. Ubaya wake ni kwamba mara nyingine iliacha doa la mwanga katikati ya picha. Mwaka 1866, Dallmeyer wa London na Steinheil wa Munich, kila mmoja kwa upande wake, walitoa lenzi safi zaidi zenye msingi huo huo wa sehemu mbili zinazofanana.

Halafu mwaka 1900 kampuni ya Goerz ya Berlin ikatoa Hypergon, iliyoona digrii 135. Kingo za picha zake zilikuwa na giza kiasi kwamba mbele ya lenzi iliwekwa feni ndogo yenye umbo la nyota. Mpiga foto alibonyeza mpira wa hewa, feni ikazunguka na kuzuia mwanga wa katikati, ili kingo zipate muda wa kushiba.

Maji, doa, feni: kila aliyepanua macho ya kamera alilipa kwa kitu kingine. Ndiyo sheria ya lenzi pana mpaka leo.

Bonde lililoonekana tupu

Upana una gharama nyingine pia, isiyo ya kioo. Inaonekana katika kazi ya Carleton Watkins, mpiga foto wa San Francisco, Marekani.

Mwaka 1861 Watkins aliingia bonde la Yosemite, California, na kamera iliyotumia vioo vya karibu sentimita 46 kwa 56. Nyumbu walibeba mizigo. Kila kioo kilipakwa dawa palepale, kikapigwa foto kingali kimelowa, kikasafishwa ndani ya hema la giza. Foto zilizotoka zilishangaza watu wa miji ya mashariki, ambao hawajawahi kuona miamba mikubwa namna ile. Zinahesabiwa kati ya mambo yaliyosaidia kupata sheria ya kulinda bonde hilo, ambayo Rais Abraham Lincoln aliitia saini tarehe 30 mwezi wa sita 1864.

Lakini mwaka 1851, miaka 10 kabla ya Watkins, kikosi cha wanamgambo kilichoitwa Mariposa kiliingia bonde hilo hilo. Kilichoma vijiji na akiba ya chakula, kikawafukuza wenyeji, Waahwahneechee, pamoja na mkuu wao Tenaya. Wengine walirudi baadaye. Katika foto za Watkins bonde ni kubwa, safi, na karibu halina mtu. Aliyezitazama akiwa mbali angeamini kwamba pale hapakuwa na wenyewe.

Watkins hakusema uongo. Kamera yake ilipiga kilichokuwepo. Ila foto pana ya ardhi bila mtu, bila njia, bila alama ya jembe, hugeuka kwa urahisi kuwa ushuhuda kwamba ardhi ni ya bure. Watu waliofukuzwa mashambani wanajua uzito wa jambo hilo.

Ruwenzori, 1906

Tarehe 18 mwezi wa nne 1906, tetemeko la ardhi na moto viliharibu San Francisco. Studio ya Watkins iliteketea pamoja na vioo vyake. Mwezi huo huo msafara mmoja uliondoka Napoli, Italia, kuelekea Mombasa, ukiwa na mpiga foto mwingine: Vittorio Sella. Walikuwa wanakwenda Ruwenzori, mlima unaotazamwa na wakaaji wa Beni na Mutwanga kila mawingu yanapokubali kufunguka.

Msafara uliongozwa na Luigi wa Savoia, Mtawala wa Abruzzi. Ulipandia upande wa Uganda, kwa bonde la Mobuku, na mizigo ilibebwa na Waganda, kisha na Wakonjo, ambao ni ndugu wa Wanande wa upande wa Congo. Tarehe 18 mwezi wa sita, Mtawala alifika kilele cha Margherita, chenye mita 5,109.

Kazi ya Sella ilikuwa kuleta mlima mzima ndani ya picha. Hapo kila mpiga foto wa nje hukutana na kitendawili. Lenzi pana huingiza kila kitu, lakini hukisogeza mbali kilicho mbali. Jiwe lililo karibu na miguu linakuwa kubwa kama nyumba, na kilele cha barafu kinabaki kidogo kama kichuguu. Kwa mandhari mapana, Sella alijulikana kwa njia nyingine: kusimamisha kamera pahali pamoja, kupiga kioo kimoja baada ya kingine huku akiizungusha kidogo kidogo, kisha kuziunga picha ziwe ukanda mmoja mrefu. Ndivyo simu za leo zinavyofanya mtu anapozizungusha polepole. Katika Ruwenzori ukungu ulimnyima nafasi mara nyingi, ikabidi angoje mwanya wa mawingu.

Thamani ya subira hiyo imeonekana baadaye. Wakati wa Sella, milima yote 6 ya Ruwenzori ilikuwa na barafu. Milima 3 kati yake, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, imekwisha kuipoteza yote. Watafiti waliopima barafu ya safu nzima mwaka 2003 walipata karibu kilometa moja ya mraba tu. Foto za 1906 zimekuwa kipimo cha kulinganisha, kwa sababu zinaonyesha kilele pamoja na mwamba ulio chini yake na bonde lililo pembeni. Aliyekuja miaka 100 baadaye ameweza kusimama karibu na pale pale na kusema: ilifika hapa.

Lenzi zilizobaki sokoni

Lenzi nyingi pana za zamani zinazopatikana leo zilizaliwa kutokana na shida ya miaka ya 1950. Kamera mpya za filamu ya milimita 35 zilikuwa na kioo cha kujitazamia nyuma ya lenzi, kinachoruka juu foto inapopigwa. Lenzi pana ya mtindo wa bakuli mbili ilipaswa kukaa karibu sana na filamu, na kioo hicho kingeigonga. Mwaka 1950 Mfaransa Pierre Angénieux alileta Retrofocus ya milimita 35, ambayo mbele ina kioo kikubwa kinachotawanya mwanga, na nyuma vioo vya kuukusanya tena. Hivyo lenzi ikaweza kukaa mbali. Ujerumani Mashariki wakatoa Flektogon kwa wazo hilo hilo, na baadaye Wajapani wakatengeneza kwa wingi za milimita 28 na 35.

Anayechagua mojawapo aanze na upana. Kwenye filamu ya milimita 35, lenzi ya 50 huona digrii 46, ya 35 huona 63, ya 28 huona 75, na ya 20 huona 94. Kwa kijiji, shamba na kilima pamoja na watu, 28 au 35 zinatosha. Ya 20 inahitaji mkono uliozoea, la sivyo picha inajaa anga na majani matupu. Tena, kamera nyingi za dijitali za bei nafuu zina kipande cha kupokea mwanga kilicho kidogo kuliko filamu hiyo. Humo lenzi ya 28 huona kama ya 42, yaani si pana tena. Mwenye kamera ya namna hiyo atafute ya 20 au 24.

Jambo la pili ni pete ya kuunganisha. Lenzi nyingi za wakati ule hufungwa kwa uzi wa milimita 42, uliotokea Ujerumani mwaka 1949. Zinakubali kamera za kisasa zisizo na kioo kinachoruka, na pia Canon za dijitali zenye kioo hicho. Kwenye Nikon zenye kioo kinachoruka, pete tupu huifanya lenzi ishindwe kuona mbali kwa usafi. Kwa foto za milima, hiyo ni kununua ndoo iliyotoboka.

Tatu, kioo chenyewe. Mnunuzi amulike tochi ndani na kutazama kwa upande mwingine. Vumbi kidogo halidhuru. Utandu mweupe kama wa buibui ni kuvu, na katika nchi ya mvua huenea. Ikikaa sana hula kioo. Majani ya chuma yanayofunga tundu yawe makavu na yafunguke mara moja. Kisha apige foto ya kilima cha mbali, aangalie pembe zote nne. Mbele ya jua lenzi hizi hupata ukungu wa mwanga, lakini kiganja kilichowekwa juu kama kofia husaidia.

Na zina faida moja ambayo mpya nyingi zimeipoteza: namba za umbali zimechongwa juu yake. Lenzi ya 28 ikifungwa tundu hadi 11, na umbali ukawekwa mita 2 na nusu, kila kitu kinakuwa safi kuanzia mita moja na kitu mpaka upeo wa macho, kwa kamera yenye ukubwa wa filamu. Mama aliye mlangoni na kilima nyuma ya nyumba yake wanaingia pamoja.

Wakati wa kutoonyesha pahali

Basi ardhi ikipigwa foto, iwe na mtu wake, mlango wake, njia yake, na nyuma ya karatasi yaandikwe jina la pahali na tarehe. Bonde la Yosemite lilikosa hayo.

Lakini nguvu hiyo hiyo ina hatari wakati wa vita. Lenzi pana haichagui. Kilima kinachomkumbusha mtoto kwao kinaweza pia kumwonyesha anayewinda familia mahali ilipojificha. Barafu ya Sella haikuwa na adui. Mhami anaweza kuwa naye. Kwa mtu wa namna hiyo, lenzi nyembamba, uso peke yake na ukuta mtupu nyuma yake ndiyo foto inayofaa. Ile ya pahali ingoje siku ya kurudi, ipigwe mlangoni, wote wakiwemo.