Lord Erroll: Mjumbe wa Kiambu, Kapteni wa Jeshi
Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, alizaliwa London mwaka 1901, akahamia Kenya mwaka 1924. Bonde la Wanjohi lilimjua kwa karamu na wake za watu. Siasa zilifuata baadaye. Mwaka 1934 alijiunga na chama cha Kifashisti cha Uingereza, na 1939 walowezi wa Kiambu wakampeleka Baraza la Kutunga Sheria.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka akawa kapteni, kisha katibu wa kijeshi wa Afrika Mashariki. Lakini risasi iliyomuua haikutoka kwa adui wa Kiitaliano. Alfajiri ya 24 Januari 1941 alikutwa ndani ya gari lake karibu na Karen, amepigwa risasi kichwani. Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe Diana alikuwa mpenzi wa marehemu, alishtakiwa, akaachiliwa Julai. Hakuna aliyewahi kupatikana na hatia. Kaburi la Erroll liko Kiambu.

Baraza la Kutunga Sheria alimoketi Erroll, Mbukusu wa Bumula, kama Waafrika wengine, hakulipigia kura. Waafrika walisemewa na Wazungu walioteuliwa, hadi Eliud Mathu alipoingia mwaka 1944, naye pia kwa kuteuliwa. Machi 1957 Waafrika walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Kiti cha Nyanza Kaskazini kikamwendea Masinde Muliro.