Nani Aanze? Haki ya Zamu katika Bao la Buhaya

Bao la safu nne ni mchezo wa kale katika nchi za magharibi mwa Ziwa Viktoria, kuanzia Bunyoro na Buganda hadi Rwanda, na Buhaya, yaani Bukoba, Muleba na Misenyi za leo, imo katikati ya eneo hilo. Kila mchezo wa namna hii una swali lisilokwepeka: anayeanza ana faida au hasara? Shindano lisilolijibu huzaa ugomvi, kwa kuwa aliyefungwa atadai kwamba kilichomfunga ni zamu, wala si mpinzani wake.

Jibu la nchi za maziwa makuu linaonekana vizuri zaidi katika omweso, bao la safu nne la Buganda, ufalme ambao katika karne ya 19 ulikuwa na nguvu juu ya Kiziba, mojawapo ya falme za Buhaya, na jirani zake. Ubao una mashimo 32. Kila mchezaji ana safu mbili za mashimo manane na kete 32. Kwanza kete huwekwa nne nne katika mashimo manane, ili wote wawili waridhike kwamba hesabu ni sawa. Kisha hupigwa kura. Aliyeangukiwa na zamu ya kuanza ndiye anayetangulia kupanga: huzitawanya kete zake katika mashimo yake 16 apendavyo. Mwenzake anatazama, anafikiri, halafu naye anapanga za kwake. Hapo ndipo kete ya kwanza inapochezwa.

Utaratibu huu una akili kubwa. Anayeanza anapata hatua ya kwanza, lakini analazimika kuonyesha mpango wake mapema. Kete za mpinzani huliwa pale tu kete ya mwisho inapoangukia shimo la safu ya ndani ambalo tayari lina kete, na mashimo yote mawili ya mpinzani yaliyo mkabala nalo yakawa na kete. Kwa hiyo anayepanga wa pili anaweza kuzifuata kwa macho njia zote za kuanzia alizonazo mwenzake, hata zile ndefu ambamo kete huokotwa na kusambazwa tena na tena, akaona kila moja inaishia wapi. Mkabala na pale inapoishia anaacha shimo moja tupu, basi. Lundo lililotisha linakosa cha kula. Kinga hiyo inahitajika, maana ipo sheria iitwayo akakyala: mchezaji akila katika zamu mbili kabla mpinzani hajala hata mara moja, ameshinda hapo hapo. Bila haki ya kupanga mwisho, zamu ya kwanza ingekuwa silaha nzito mno.

Pwani ilipita njia tofauti. Wafanyabiashara wa huko walikuwa wameshafika ufalme jirani wa Karagwe kabla ya mpelelezi John Hanning Speke kufika kwa mfalme Rumanika mwaka 1861. Mwaka 1890 Emin Pasha alianzisha kituo cha Wajerumani Bukoba, na kituo kikaleta askari na wachuuzi wenye kusema Kiswahili. Ni vigumu kudhani kwamba watu hao waliliacha bao lao nyuma. Katika bao la Kiswahili hakuna uhuru wa kupanga. Kila mmoja huanza na kete sita katika nyumba, yaani shimo lake maalumu la safu ya ndani, mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata kulia kwa nyumba hiyo, na 22 mkononi za kunamua, yaani za kuingizwa ubaoni moja moja. Mashimo hayo yenye kete yanatazamana na mashimo matupu ya upande wa pili, hivyo mwenye zamu ya kwanza hawezi kula, analazimika kutakata, yaani kusambaza kete bila kula. Mara nyingi ni mpinzani anayepata nafasi ya kwanza ya kula.

Usawa wa namna hii haujakamilika. Pande mbili zinafanana kabisa, ila zamu hazifanani, na yeyote kati ya wawili anayenufaika nazo hanufaiki kwa ustadi wake. Dawa iliyobaki ni kucheza michezo miwili au zaidi kwa kupokezana zamu.

Drafti, inayochezwa vijiweni kwa vizibo vya soda, ina tatizo lile lile, na katika vijiwe vingi mshindi hubaki na aliyefungwa humpisha mwingine, hivyo hawapati mchezo wa pili wa kupokezana zamu. Katika mashindano ya drafti ya Kiingereza, ambayo sheria zake za kingi ni tofauti na za Tanzania, hatua tatu za kwanza hutolewa kwa kura, na wachezaji huucheza mwanzo huo mara mbili kwa kubadilishana pande. Mwaka 2007 Jonathan Schaeffer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alberta walithibitisha kwa kompyuta kwamba mchezo huo, ukichezwa bila kosa, huisha sare. Katika sataranji, ambako mweupe huanza na hushinda mara nyingi zaidi, waandaaji hujaribu kubadilisha rangi kila raundi. Kwa kawaida mchezaji hapewi rangi moja mara tatu mfululizo.

Njia hizo zote zinahitaji raundi nyingi ili haki ipatikane. Omweso huitafuta haki hiyo ndani ya mchezo mmoja, kabla kete ya kwanza haijasogezwa.